Mawaziri Wakuu na Mwambao wa Kwale (1963)

Waziri mkuu katika ufalme wa kibunge ndiye mkuu wa serikali: huteuliwa na mfalme kwa kuwa anaungwa mkono na wabunge walio wengi, naye huwajibika bungeni. Uzito wa cheo hicho unaonekana wazi Pwani ya Kusini ya Kenya. Diani, Msambweni na Vanga, huko Kwale, zilikuwa katika ukanda wa maili kumi, milki ya Sultani wa Zanzibar iliyosimamiwa na Waingereza tangu 1895. Oktoba 1963, Jomo Kenyatta wa Kenya na Muhammad Shamte wa Zanzibar, wote mawaziri wakuu, waliandikiana barua, na Sultani Jamshid akaachia ukanda huo. Kenyatta aliahidi uhuru wa ibada, Mahakama za Kadhi, na kutambuliwa kwa hati miliki za ardhi. Ahadi hiyo ya mwisho ni nzito Kwale, ambako maskwota wengi bado wanadai ardhi. Wakazi wa mwambao hawakupigishwa kura ya maoni. Shamte aliondolewa na Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 12, 1964. Kenyatta alihudumu chini ya Malkia Elizabeth II hadi Kenya ilipokuwa jamhuri, Desemba 12, 1964.