Neno Lisilotamkwa: Tamthilia ya Lillian Hellman katika Filamu Mbili za William Wyler

Tamthilia ya Lillian Hellman iitwayo The Children's Hour ilianza kuchezwa New York mwaka 1934, nayo ikaonyeshwa mara 691. Chanzo chake ni kesi ya Edinburgh, Uskoti, ya mwanzoni mwa karne ya 19, iliyowahusu walimu wawili wa kike waliovunjiwa heshima na shule yao kwa maneno ya mwanafunzi mmoja. Hellman alikihamishia kisa hicho Marekani. Karen na Martha ni marafiki wa tangu masomoni. Mtoto Mary anamnong'onezea bibi yake kwamba walimu hao wanapendana mapenzi ya mke na mume. Wazazi wanawaondoa watoto wao, na shule inakufa.

Wyler aliitengenezea tamthilia hii filamu mara mbili. Ile ya 1936, These Three, ilibanwa na kanuni za udhibiti za Hollywood hata jina la tamthilia likakatazwa. Hellman mwenyewe aliandika mchezo upya: uvumi sasa ukawa kwamba Martha ana uhusiano na Joe, mchumba wa Karen. Hellman alishikilia kuwa kiini cha kazi yake ni uongo, si mapenzi yale. Hoja hiyo ina uzito, lakini haitoshi. Katika These Three uongo ni uongo mtupu. Ukishafichuliwa, Karen na Joe wanarudiana. Katika tamthilia, Martha aliyesingiziwa anajichungua moyoni na kulikuta humo lile lile alilosingiziwa. Uongo wa namna hiyo haukanushiki.

Wyler aliirudia kazi hii mwaka 1961, kanuni zilipolegezwa. Audrey Hepburn alikuwa Karen na Shirley MacLaine Martha. Miriam Hopkins, Martha wa 1936, sasa akawa shangazi yake Martha. Hata hivyo neno lenyewe halikutamkwa. Mtoto ananong'ona garini, midomo yaonekana, sauti haisikiki. Mtazamaji hana budi kuusoma uso wa bibi. Yawezekana huo ulikuwa woga wa watengenezaji, lakini unaafikiana mno na hali ya Martha. Anapoungama mbele ya Karen hana lugha yake mwenyewe: anasema tu kwamba amempenda kwa namna ile waliyoisema watu. Ungamo lake limeazimwa kwa wasingiziaji, tena ni kutoka katika maneno ambayo filamu haikuyasikizisha.

Ruhusa ya 1961 haikumpa Martha njia ya kuishi, anajinyonga. Baada ya maziko Karen anawapita watu wa mji, na Joe miongoni mwao, bila kumsemesha yeyote.