Swali la Mpemba



Leo tutazungumza juu ya elimu iitwayo nadharia ya uga wa kwanta. Husomwa Chuo Kikuu, tena na wachache. Msitishwe na jina lake. Tutaifikia kwa njia ya aiskrimu, na njia hiyo inaanzia hapa hapa mkoani Tanga.

Mwaka 1963 kijana mmoja, Erasto Mpemba, alikuwa akisoma katika shule ya sekondari ya Magamba, Lushoto. (Jina lisiwapoteze: Magamba iko milimani, si kisiwani.) Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu. Huchemsha maziwa, hutia sukari, hungoja yapoe, ndipo huyaweka katika jokofu. Siku moja nafasi ilikuwa chache. Mpemba akaona kwamba akingoja ataikosa, akaweka maziwa yake yangali moto. Mwenzake aliweka yake bila hata kuyachemsha. Baada ya saa moja na nusu wakafungua. Ya Mpemba yameganda. Ya mwenzake bado ni kama uji.

Akamwuliza mwalimu wake. Akajibiwa kuwa amechanganyikiwa. Lakini baadaye rafiki yake, muuza aiskrimu mjini Tanga, alimwambia kwamba yeye huweka mchanganyiko ukiwa moto ili ugande upesi. Kumbe wachuuzi walikwisha kujua!

Mpemba akaenda Mkwawa, Iringa. Huko nako mwalimu akamcheka, akasema hiyo ni fizikia ya Mpemba. Ndipo akaja mgeni, Bwana Denis Osborne, mwalimu wa fizikia katika Chuo cha Dar es Salaam, kilichofunguliwa mwaka 1961. Mpemba akasimama, akauliza swali lake lile lile. Wenzake wakacheka. Osborne alirudi Dar es Salaam, akaagiza jambo lijaribiwe. Fundi wake akaleta habari kwamba maji ya moto yametangulia kuganda, ila atarudia mpaka apate jibu sahihi!

Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha habari hiyo pamoja. Mabishano hayajaisha. Mwaka 2016 wataalamu wawili wa Uingereza walipima kwa uangalifu, wakasema hawakuona dalili ya kutosha.

Sasa tuje kwenye uga wa kwanta. Tazameni bahari iliyo mbele yenu. Wimbi si kitu kilichowekwa juu ya bahari. Ni bahari yenyewe inapotikisika. Wataalamu husema kila mahali ulimwenguni pana uga, mfano wa bahari hiyo, na kila chembe ndogo, kama elektroni, ni mtikisiko wa uga wake. Na mtikisiko huo huja kwa vipimo kamili, kama vile sokoni huuziwi nusu ya yai. Paul Dirac wa Uingereza aliweka msingi wa elimu hii mwaka 1927.

Mwaka 2023 Pasquale Calabrese, bingwa wa elimu hiyo huko Trieste, Italia, na wenzake walionyesha kwa hesabu kwamba kundi la chembe lililo mbali zaidi na utulivu huweza kuufikia kabla ya lile lililo karibu. Mwaka 2024, huko Innsbruck, Austria, jambo hilo lilionekana katika safu ya atomu 12 zenye umeme. Wameliita tukio la Mpemba la kwanta.

Mpemba mwenyewe hakuwa mwanafizikia. Alisoma Mweka, karibu na Moshi, akafanya kazi ya wanyama wa pori.

Kwaherini.