Mapambo ya sikukuu kwa nakshi za kuchora kwa mkono

Minada ya korosho inapoanza Oktoba, maduka ya Mtama, Nyangao na Lindi mjini nayo huanza kutundika bidhaa za Krismasi: minyororo ya karatasi za kung'aa, nyota za plastiki, maputo. Idd nayo ina mapambo yake, ila yenyewe haingoji korosho. Kwa kalenda yetu ya kawaida huwahi kwa siku 10 au 11 kila mwaka, kwa hiyo kuna miaka inaangukia Februari au Machi, mahindi bado yako shambani na mfukoni hamna kitu. Wasikilizaji wengi hutuambia kwamba hapo ndipo mapambo yanapokuwa ya kwanza kukatwa kwenye bajeti ya nyumba.

Si lazima yakatwe. Katika makala haya tunaeleza namna ya kutengeneza mapambo kwa maboksi ya dukani, kalamu moja na nakshi ambazo tayari zipo ndani ya nyumba nyingi za kusini.

Anza kwa kuangalia mkeka. Mkeka hushonwa kwa kuunganisha kili, yaani mikanda iliyosukwa kwa ukindu au miyaa, na baadhi ya majani hutiwa rangi kabla ya kusukwa. Ukiutazama ukili mmoja kwa karibu utaona mstari unaopanda na kushuka, unapanda na kushuka. Weka mistari miwili ya namna hiyo ikitazamana, unapata umbo la almasi. Kwa maumbo hayo mawili tu unaweza kupamba nyumba nzima. Chungu cha udongo nacho kina mistari iliyokwaruzwa shingoni kabla ya kuchomwa. Na kwa watu wa Kilwa, mabaki ya Husuni Kubwa, jumba la sultani la karne ya 14 pale Kilwa Kisiwani, yalikutwa na mawe ya matumbawe yaliyochongwa nakshi za aina hiyo hiyo: maumbo yanayojirudia, yaliyopimwa kwa makini.

Khanga inafundisha jambo jingine, nalo ni mpangilio. Ina pindo kuzunguka kingo zote, mji katikati, na jina, yaani maneno, chini ya mji. Kadi ya sikukuu ichore hivyo hivyo. Chora pindo kwanza, acha mji uwe na umbo moja kubwa, na pale pa jina andika "Idd Mubarak" au "Heri ya Krismasi". Anayeanza na katikati mara nyingi hujikuta pindo halimtoshi upande mmoja.

Sasa kazi yenyewe. Kata boksi la sabuni au biskuti, weka kikombe juu yake, zungushia kalamu, kisha kata duara kwa mkasi. Piga nukta kuzunguka ukingo, kati ya nukta na nukta pawe na upana wa kidole kimoja. Ndani yake piga mzunguko wa pili wa nukta, kila moja ikae katikati ya nukta mbili za nje. Unganisha nukta ya nje na ya ndani, ya nje na ya ndani, mpaka urudi ulipoanzia. Umepata meno ya pembetatu. Jaza mistari myembamba katika pembetatu moja, iruke inayofuata, ujaze ya tatu. Tunasisitiza kuruka, maana wengi huharibu kazi kwa kujaza kila mahali na mwisho nakshi haionekani. Mkono ukiteleza usifute. Nenepesha mstari huo, kisha nenepesha na wenzake.

Maka peni nyeusi inapendeza sana juu ya rangi ya kahawia ya boksi. Ukitaka weupe, changanya chokaa kidogo na gundi ya muhogo, chovya kijiti cha kiberiti, piga nukta. Chokaa huunguza macho, hivyo kazi hiyo ifanywe na mtu mzima. Gundi yenyewe ni rahisi: kijiko kimoja cha unga wa muhogo katika nusu kikombe cha maji baridi, koroga mpaka madonge yaishe, kisha weka motoni huku ukikoroga mpaka iwe nzito na kung'aa. Mende wanaipenda, kwa hiyo ipake kidogo na uikaushe vizuri.

Desemba ni mwezi wa mvua. Kalamu za rangi za shuleni huchuja matone yanapozigusa. Maka peni na kalamu ya kawaida ya wino huvumilia zaidi. Sugua mshumaa juu ya mchoro uliokauka, nta itazuia unyevu kidogo, lakini bado tundika ndani au chini ya paa la baraza. Mbali na koroboi, tafadhali. Boksi na nta vinawaka upesi, na nyumba ya makuti haisubiri mtu akachote maji.

Kama mkono wako hautulii, mtafute mchoraji wa hina wa mtaani, kwa kuwa maua anayochora mikononi usiku wa kuamkia Idd yanahamia kwenye boksi bila shida. Hapo hapo tuseme jambo: piko nyeusi inayotokana na dawa ya kutia nywele rangi inaweza kuunguza ngozi na kuacha malengelenge. Mtoto apakwe hina ya majani tu.

Kutumia kilichopo si jambo geni kusini. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za kupakia baiskeli juu ya mbao laini za dari. Na mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule wa jumba la makumbusho la Leipzig alipita kutoka Lindi kwenda Masasi na uwanda wa Wamakonde, akawapa wapagazi na wenyeji kalamu na karatasi. Michoro yao ilichapishwa Ujerumani mwaka 1908.

Kuna nakshi moja ya kuulizia kabla ya kuiga: nembo, chale ambazo wazee wa Kimakonde na majirani zao walichanjwa usoni na mwilini. Mistari yake ni mizuri sana kwa kazi hii, lakini iko kwenye mwili wa mtu. Mwombe bibi ruhusa, muulize na jina la kila mstari, uliandike nyuma ya boksi. Mkeka mzee nao upige picha kwa simu kabla haujachakaa ukatupwa.

Sikukuu ikipita, yashushe siku ya jua, yaanike kidogo, uyapange bapa katikati ya magazeti ndani ya sanduku la bati. Mchwa akilikosa boksi, mwaka ujao utaongeza machache tu.