Nyuma ya Farasi

Mpanda farasi hutazama mbele. Kilichoanguka nyuma yake ni nadra kukiona, lakini apitaye kwa miguu hakosi kukikanyaga. Basi, msomaji, tutazame pamoja habari za mji mmoja uliolemewa na kinyesi cha farasi wake, nao ni New York katika Marekani, miaka ya mwisho ya karne ya 19.

Siku hizo farasi ndio waliovuta tramu za abiria, mikokoteni ya makaa na maziwa, na mashine za kuzima moto. Matajiri nao waliwapanda kwa anasa. Idadi yao mjini ilipita 100,000. Farasi mmoja hutoa kinyesi cha kilo 7 hadi 14 kwa siku. Fanya hesabu mwenyewe, utaona kuwa mzigo wa siku moja haukupungua tani 700. Mvua iliponyesha, njia ziligeuka tope. Jua lilipowaka, tope lilikauka likawa vumbi la kuingia machoni na vinywani. Inzi walizaliwa humo, wakachukua maradhi ya kuhara mpaka nyumbani mwa maskini.

Yamkini utauliza, kwa nini wenye farasi hawakuondoa uchafu wao? Hapo kwanza wakulima wa kando ya mji waliinunua samadi ile kwa mashamba yao, na wenye mazizi waliikusanya kwa kuwa ilileta faida. Farasi walipozidi, samadi nayo ilizidi haja ya mashamba, bei ikaanguka. Ilipokuwa na bei ilikuwa mali ya mtu; ilipokosa bei ikawa taka ya watu wote, na cha wote hakikupata mwenyewe. Mji ulikuwa na idara ya kufagia, lakini nafasi zake ziligawiwa wafuasi wa chama kilichotawala kama zawadi, na mshahara ulilipwa hata kwa mikono isiyoshika ufagio.

Mwaka 1895 Meya William Strong alimweka George Waring kuongoza idara hiyo. Waring alikuwa mhandisi wa mifereji, tena katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, aliongoza askari wapanda farasi. Hakuwachukia farasi, alichukia uzembe wa wenyewe. Aliwafukuza wavivu, akawavika wafagizi nguo nyeupe. Watu walicheka: ni nani avaaye nyeupe kwenda kuzoa mavi? Lakini mwenye nguo nyeupe huonekana toka mbali, akiwa kazini au akikaa bure. Tena weupe ule uliwakumbusha wananchi kuwa usafi ni afya. Mwaka 1896 wafagizi walipita katika gwaride kubwa, na waliodharauliwa jana wakashangiliwa. Watoto nao waliundiwa vyama vya usafi, wakawaonya hata wakubwa wao wasitupe taka njiani.

Mwaka 1898 chama cha zamani kilirudi madarakani, na Waring akatoka kazini. Mwaka huo huo alikwenda Havana, katika Cuba, kuchunguza usafi wa mji ule, akapatwa na homa ya manjano, akafa.

Kisha zikaja motokaa. Tramu ya mwisho ya New York iliyovutwa na farasi iliacha kazi mwaka 1917, na wengi waliona kuwa sasa uchafu wa barabarani umekwisha. Leo twajua kuwa motokaa nayo huacha kitu nyuma yake, ila moshi haukanyagwi kwa kiatu.

Msomaji, atakaye faida ya mnyama na aichukue na taabu yake, wala asimdharau mwenye ufagio amfuataye. Nawe siku moja utapanda chombo chako, kiwe cha miguu minne au cha magurudumu manne. Siku hiyo kumbuka kugeuka nyuma.