Usugu Ni wa Bakteria, Si wa Dawa

Uchungu wa dawa ni wa dawa. Ukali wa dawa ni wa dawa. Basi "usugu wa dawa", maneno yaliyojaa kwenye vipeperushi vya afya, ni usugu wa nani? Sarufi inajibu kwamba dawa ndiyo sugu, na sarufi hiyo kila Mswahili anaijua tangu utotoni, isipokuwa, inaelekea, waliopitisha istilahi hii.

Mgonjwa asipoelewa hujitafutia maelezo: "Mwili wangu umeizoea dawa." Mwili haujazoea chochote. Aliyebadilika ni bakteria, naye huweza kuhamia kwa kichanga ambaye hajawahi kuonja dawa hata tone.

Wodini tofauti hiyo ni ya uhai na kifo. Katika utafiti uliofanyika Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2001 na 2002, asilimia 43.5 ya watoto waliokuwa na bakteria wa kundi liitwalo Gramu hasi kwenye damu walifariki. Kwa malaria ilikuwa asilimia 20.2. Kupewa dawa ambayo bakteria hao walikuwa sugu kwayo kulikuwa miongoni mwa mambo yaliyoashiria kifo. Mwanza nako, matokeo ya Hospitali ya Bugando yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kuwa asilimia 64 ya Klebsiella pneumoniae waliopimwa walitoa vimeng'enya vinavyovunja dawa ya seftriaksoni na jamaa zake.

Neno "sugu" lenyewe halina kosa. Asili yake ni ngozi iliyokomaa, kama ile inayoota kiganjani kwa kushika mpini wa jembe, na ni jamaa wa kitenzi "sugua": kinachosuguliwa mara kwa mara hukomaa. Kutoka hapo tukapata mdaiwa sugu na mhalifu sugu. Wanaoshikilia "ukinzani" badala ya "usugu" wamelitwaa neno ambalo wanafizikia wamekwisha kulipa kazi kwenye nyaya za umeme, na hawajaeleza kwa nini. Serikali ya Tanzania ilikaribia zaidi iliposema "usugu wa vimelea dhidi ya dawa", yaani UVIDA, kwa kuwa hapo mwenye usugu ametajwa. Hata hivyo vimelea ni pamoja na virusi, fangasi na wadudu wa malaria. Anayezungumzia bakteria aseme bakteria.

Ugomvi mkubwa uko kwenye "usugu kwa dawa nyingi". Nyingi ngapi? Ampisilini na amoksilini ni dawa mbili za ukoo mmoja. Wataalamu, kwa ufafanuzi uliochapishwa mwaka 2012, hawahesabu dawa, wanahesabu koo: bakteria awe ameshinda angalau dawa moja katika koo tatu au zaidi. Kiswahili kina neno la aina mbalimbali, nalo ni "anuwai". Kwa hiyo mwandishi wa makala haya anatetea "usugu anuwai", na hoja kwamba "anuwai" ni neno la washairi si hoja ya kitaalamu hata kidogo.

Matumizi ni mepesi: bakteria mwenye usugu anuwai, maambukizi ya usugu anuwai. "Kifua kikuu sugu" kibaki kilivyo, kwani kimeshazoeleka.

Wahariri na watunzi wa vipeperushi waifute istilahi "usugu wa dawa", na wamtaje bakteria.