Namba Iliyomshinda Fermat: 4,294,967,297

Katika insha hii ninajadili namba moja tu, 4,294,967,297. Ninadai kwamba historia yake inaonyesha tofauti kati ya kuamini na kuthibitisha, tofauti ambayo sisi wanafunzi wa historia tunaihitaji kama wanahisabati wanavyoihitaji.

Mwaka 1640 Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse nchini Ufaransa, aliwaandikia wenzake kuhusu namba za aina fulani. Chukua 2 kwa kipeo cha 1, cha 2, cha 4, cha 8 na cha 16, na kila mara ongeza 1. Unapata 3, 5, 17, 257 na 65,537. Zote ni namba tasa, yaani hazigawanyiki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Fermat aliamini kwamba mfululizo huo ungeendelea hivyo daima, ingawa alikiri kuwa hakuwa na uthibitisho kamili.

Namba ya sita, yaani 2 kwa kipeo cha 32 ukiongeza 1, ndiyo namba yetu. Kuikagua kwa kujaribu kigawo kimoja kimoja kunachosha, kwa maana chini ya kipeuo chake cha pili kuna namba tasa zaidi ya 6,500.

Mwaka 1729 Christian Goldbach alimuuliza Leonhard Euler kuhusu dai hilo kwa barua. Mwaka 1732, huko St. Petersburg, Euler alionyesha kwamba namba hiyo ni 641 × 6,700,417. Baadaye alithibitisha kwamba kigawo tasa chochote cha namba hiyo lazima kibakize 1 kikigawanywa kwa 64. Kwa sharti hilo, namba tasa za kujaribu ni 193, 257, 449, 577, kisha 641. Ya tano inakubali.

Nilizidisha mwenyewe kwenye karatasi. 6,700,417 mara 600 ni 4,020,250,200. Mara 40 ni 268,016,680. Mara 1 ni 6,700,417. Jumla ni ileile. Imani iliyodumu miaka 92 iliangushwa na hesabu ya mistari mitatu.

Hata hivyo, sikubaliani na anayesema kwamba Fermat alipoteza muda. Mwaka 1796 Carl Friedrich Gauss aligundua kwamba umbo lenye pande 17 zilizo sawa linaweza kuchorwa kwa rula na bikari tu, na siri yake imo katika namba hizohizo za Fermat. Mpaka leo haijapatikana namba tasa ya sita katika mfululizo ule, wala hakuna aliyethibitisha kwamba haipo.

Mifano mitano ilimtosha Fermat. Nami katika kazi zangu nimewahi kusoma barua tatu za afisa mmoja wa kikoloni, nikaandika "wakoloni wote". Tangu nilipoijua 641, kabla ya kuandika neno "wote" najiuliza kama nimefika kwenye mfano wa sita.