Sapu ya Baiolojia na Madaktari wa Ziwa Letu

Leo nataka tuchimbe historia kidogo, ila ni historia yenye swali la leo ndani yake: kwa nini anayetaka kuwa daktari lazima kwanza asulubiwe na baiolojia?

Wale mliosoma PCB mnajua ninachosema. Fizikia inatisha, kemia inachosha, lakini baiolojia ndiyo inayomwangusha mtu huku anadhani anaielewa. Vitabu vinene, majina marefu ya Kilatini na Kigiriki, michoro ya kukariri mpaka alfajiri. Ukifika chuo ndio unakutana na seli na biokemia za mwaka wa kwanza, na hapo ndipo misamiati ya sapu na kudisko inaanza kuwa na maana maishani mwako. Mimi nilisoma PCB, nikaishia kwenye uandishi wa habari, na wala sijutii. Mdogo wangu ndiye aliyekwenda udaktari. Yuko mwaka wa kwanza na ana sapu mbili. Mama anauza mawese sokoni Ujiji, bumu la Bodi ya Mikopo halitoshi, na dogo akidisko hakuna mpango wa pili nyumbani. Kwa hiyo ndugu zangu, swali hili kwangu si la kupitishia muda.

Sisi ni watoto wa Kasingirima, Ujiji. Huko kwetu kila mgeni anataka kuoneshwa mahali palipokuwa na ule mwembe ambapo Stanley alikutana na Livingstone mwaka 1871. Hadithi hiyo tumelishwa tangu chekechea mpaka tumeichoka. Lakini kuna kipande chake ambacho waongoza wageni hawakisemi sana: huyo bwana alikuwa daktari, na safari yake ya kuupata udaktari ilikuwa ngumu kuliko ya wengi wanaolia leo.

David Livingstone alizaliwa Blantyre, Scotland, mwaka 1813. Akiwa na miaka 10 aliingizwa kazini kwenye kiwanda cha pamba. Kazi saa 12 asubuhi mpaka saa 2 usiku, halafu shule ya usiku mpaka saa 4. Kwa sehemu ya mshahara wake wa kwanza alinunua kitabu cha sarufi ya Kilatini, na kazini alikuwa akiegesha kitabu juu ya mashine ili asome sentensi moja moja kila anapopita. Mwaka 1836 akaanza udaktari Glasgow, na chuo kikifungwa anarudi kiwandani kutafuta ada.

Sasa sikilizeni kisa cha mtihani wake wa mwisho, mwaka 1840. Tasnifu yake ilihusu ugonjwa ambao kuutambua kulihitaji stetoskopu, kile chombo cha kusikilizia kifua, ambacho enzi hizo bado wakubwa walikitilia shaka. Akatofautiana na watahini kuhusu uwezo wa chombo hicho. Matokeo yake, kwa maelezo yake mwenyewe, akajikuta anafanyiwa mtihani mrefu na mkali kuliko kawaida. Akapita. Lakini ona jambo hilo: mtahiniwa alikuwa anakijua kitu, na kilichompa taabu ni kuwaeleza wakubwa kwa namna watakayoikubali.

Na alipofika Ujiji kwa mara ya kwanza, Machi 1869, daktari huyo alikuwa mgonjwa hoi. Sanduku lake la dawa lilikuwa limepotea njiani tangu mwaka 1867. Aliyemuuguza na kumfikisha ziwani akiwa amebebwa ni mfanyabiashara wa misafara, Muhammad bin Gharib. Kufika Ujiji, akakuta mali alizotumiwa zimeibwa kwa sehemu kubwa na dawa zimebaki Unyanyembe. Daktari aliyehitimu Glasgow akaponea mikononi mwa watu wasiojua hata stetoskopu ni nini. Darasani hilo hatukuambiwa.

Lakini daktari ninayetaka watoto wa Kigoma wamjue ni mwingine kabisa. Teremka na ziwa kuelekea kusini, pita Mahale, utafika Karema, ambayo sasa iko mkoa wa Katavi. Huko kuna historia ya mtu anaitwa Adrian Atiman.

Atiman alizaliwa miaka ya 1860 upande wa Mto Niger, katika nchi ambayo leo ni Mali. Akiwa mtoto alitekwa, akauzwa utumwani, akavushwa jangwa la Sahara. Mapadri wa shirika la White Fathers wakamnunua na kumwachia huru, akalelewa Algeria. Mkuu wao, Kardinali Lavigerie, alikuwa na wazo lake: vijana wa Kiafrika waliokombolewa wasomeshwe udaktari, kisha warudishwe Afrika kuwa waganga na makatekista. Mwaka 1881 akafungua chuo kisiwani Malta, na Atiman akawa mmoja wa wanafunzi wa kwanza.

Hebu jaribu kumfikiria kijana huyo. Ametoka utumwani, yuko kisiwa cha mbali katikati ya bahari, ameketi mbele ya mwili wa binadamu uliochorwa ubaoni. Majina ya mifupa ni ya Kilatini, na walimu wanasema lugha za Ulaya. Hakuna hata neno moja kati ya hayo alilolisikia kwa mama yake. Alikaa humo kwa karibu miaka saba. Mwaka 1888 akamaliza, na mwaka 1889 akafika Karema kwa msafara kutoka pwani, nchi ikiwa imechafuka kwa vita vya Wajerumani na Abushiri.

Akabaki Karema mpaka alipofariki mwaka 1956. Piga hesabu: miaka 67! Alimkuta Mjerumani hajaimarika ziwani, akamwona akitawala, akamwona akiondoka, akaja Mwingereza, naye Atiman bado anatibu. Mwaka 1946 maisha yake, kwa simulizi yake mwenyewe, yalichapishwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Mimi nimemaliza kidato cha sita mkoani Kigoma bila mwalimu hata mmoja kunitajia jina hilo. Tuliambiwa tukariri mwaka wa kukutana kwa Wazungu wawili chini ya mwembe.

Atiman hakuwa na pasi ya PCB. Alikuwa na watu waliomlisha, waliomlaza, na waliompa muda wa kutosha wa kujifunza lugha kabla na wakati wa kujifunza tiba. Siwapambi wale mapadri, walikuwa na ajenda yao na hawakuificha. Ila mlango waliufungua, na mtu aliyepita alihudumia ziwa zima kwa zaidi ya nusu karne.

Basi huu mlango wa baiolojia ulitoka wapi? Kwa sehemu kubwa ulijengwa Marekani mwaka 1910. Bwana mmoja anaitwa Abraham Flexner, ambaye wala hakuwa daktari, alizunguka vyuo vya tiba vya Marekani na Kanada na kuandika ripoti kali. Vingi vilikuwa vibovu kweli, vinauza vyeti. Akashauri asiingie mtu kusoma udaktari kabla hajasoma chuoni angalau miaka miwili, akiwa na msingi wa kemia, fizikia na baiolojia. Mgonjwa akapata daktari bora, hilo sipingi. Lakini vyuo 5 kati ya 7 vya Wamarekani weusi vilifungwa miaka iliyofuata, vikabaki Howard na Meharry tu. Mlango uliimarishwa, na wasiokuwa na fedha wala shule nzuri za kuwaandaa wakabaki nje.

Huku kwetu mlango ulikuwa mwembamba zaidi. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, kwa hiyo mtoto wa hapa aliyebahatika alipanda treni kwenda Tabora kusoma. Akifanya vizuri sana, safari inaendelea mpaka Makerere, Uganda, ambako mafunzo ya tiba yalianza miaka ya 1920. Huko walianza na sayansi za msingi, ndipo wakapelekwa Mulago hospitalini. Dkt. Vedasto Kyaruzi, aliyekuja kuwa rais wa TAA mwaka 1950, alipita njia hiyo. Mwalimu Nyerere naye alisoma Makerere, akarudi Tabora kufundisha St. Mary's, na somo lake mojawapo lilikuwa baiolojia! Tulipopata uhuru mwaka 1961, madaktari wazalendo walikuwa 12. Kumi na wawili, nchi nzima. Hesabu hiyo Mwalimu aliirudia mara nyingi, na ndiyo maana mwaka 1963 tukaanzisha shule yetu ya udaktari Dar es Salaam, ambayo tangu mwaka 2007 ni chuo kikuu cha MUHAS.

Tukafungua mlango, sawa. Lakini kufuli moja tuliliacha pale pale. Lugha.

Mtoto wa Kasingirima anasoma sayansi kwa Kiswahili mpaka darasa la saba. Anajua usanisinuru, anajua mmea unatengeneza chakula kwa mwanga wa jua. Akiingia kidato cha kwanza anaambiwa yale yale kwa Kiingereza, kana kwamba hajawahi kuyasikia. Mwenzake wa Kasulu aliyekulia kwenye Kiha, hiyo inakuwa lugha yake ya tatu. Afanyeje? Anakariri. Anakusanya madesa, anameza, anatapika kwenye karatasi ya mtihani. Kisha tunashangaa akifika mwaka wa kwanza wa udaktari anakwama.

Likizo iliyopita nilimwomba mdogo wangu anieleze osmosisi. Akaanza kwa Kiingereza, akakwama kwenye sentensi ya pili. Nikamwambia nieleze kama unamweleza mama. "Kaka, si ndiyo ile ya mgebuka ukiupaka chumvi? Chumvi iko nyingi nje, maji yanatoka ndani ya nyama kuifuata, yanapita kwenye utando wa seli. Ndiyo maana samaki anakauka na hata wadudu wa kuozesha wanakaukiwa, wanashindwa kuishi." Somo zima hilo, na mfano wa nyumbani juu. Kwenye karatasi ya mtihani alipata alama 3 kati ya 10.

Serikali haiwezi kusema haikuambiwa. Mwaka 1982 Tume ya Makweta ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia sekondari kuanzia mwaka 1985. Pendekezo likawekwa kabatini, na mpaka leo sekondari ni Kiingereza. Sisemi tuache Kiingereza. Daktari asiyesoma majarida ya kimataifa ni hatari kwa wagonjwa. Ninachouliza ni kwa nini tunampima mtoto lugha halafu kwenye cheti tunaandika kwamba tumempima baiolojia.

Na tazama kilichopo mlangoni petu. Ziwa lina samaki wa aina zaidi ya 200 wa jamii ya kuhe na ndugu zake, karibu wote hawapatikani kwingine duniani, wengine wanalea mayai mdomoni. Maprofesa wanatoka Ulaya kuja kuwasoma. Pale Gombe, Jane Goodall alifika mwaka 1960 bila shahada yoyote. Mwaka 1962 Cambridge ikampokea moja kwa moja kusomea uzamivu. Na Januari 1974, aliyeshuhudia sokwe wa kundi moja wakimshambulia na kumjeruhi vibaya sokwe wa kundi jirani, tukio lililotikisa sayansi duniani, alikuwa Hilali Matama, Mtanzania, mtafiti wa porini ambaye darasa lake lilikuwa msitu wenyewe. Mwaka 1975, vijana wanne watafiti walipotekwa na waasi waliovuka ziwa kutoka Zaire na wageni wengine wakaondoka, waliobaki kuendeleza kumbukumbu za kila siku ni Watanzania hao hao. Nani atasema watu hao hawakuijua baiolojia?

Kwa hiyo wewe mwenye sapu unayesoma hapa, usijiite mjinga. Kaa na wenzako mjadili somo kwa Kiswahili mpaka lieleweke, halafu mlivike Kiingereza chake kwa ajili ya mtihani. Mdogo wangu na wenzake wanne wameanza hivyo, kila jioni, na mmoja wao kazi yake ni kuuliza maswali ya kijinga tu. Septemba wanarudia mitihani.

Na walimu wa Kigoma, nawaomba kitu kimoja. Siku mkiwapeleka wanafunzi kwenye kumbukumbu ya Livingstone, muda ukibaki kidogo, waelezeni pia habari za Atiman wa Karema. Kuna mtoto wa PCB kwenye basi hilo anayehitaji kuzisikia.